Barua kwa Mwanangu: Soma Vyungu vya Waathene kwa Makini

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kuwa u mzima na kwamba baridi ya Uingereza haikusumbui sana. Sisi huku nyumbani hatujambo. Katika barua yako umeniuliza kwa nini mhadhiri wenu wa akiolojia anawashughulisha muhula mzima na vyungu vya Wagiriki wa kale, ilhali Wagiriki hao hao walituachia vitabu vya historia, tamthilia na hotuba zinazosomeka hadi leo. Nimeona nisikujibu kwa simu, kwa sababu somo hili nililifundisha kwa mapenzi makubwa na sitaki ulipite juujuu.

Vitabu unavyovitaja viliandikwa na wanaume wachache wenye mali na elimu, wakiwaandikia wanaume wenzao, na mambo waliyoyaona yanastahili wino yalikuwa hasa vita, siasa na mashauri ya wakubwa. Mwanamke aliyekwenda kuteka maji, mtumwa aliyechimba udongo, kijana aliyefariki kabla hajaoa, hao wakitajwa hutajwa kwa kupita tu. Chungu kilipita mikononi mwa wote hao. Tena udongo ukishachomwa hauozi, wala hakuna mwizi atakayeuyeyusha kama alivyoyeyusha vyombo vya fedha na shaba. Huvunjika, lakini vigae vyake hubaki ardhini kwa miaka 2,500 na zaidi.

Kabla hujatazama picha, ifahamu kwanza kazi yenyewe. Wafinyanzi wa Athens walikaa katika mtaa wa Kerameikos, kaskazini-magharibi ya mji, jirani kabisa na makaburi. Udongo wao una chuma kingi. Waliuchanganya na maji, wakauacha utulie, wakachukua ile sehemu laini kuliko zote inayoelea juu, na kwa uji huo wa udongo wakachora picha zao. Kwa hiyo ule weusi unaong'aa ambao umeuona kwenye vyombo vya makumbusho si rangi iliyonunuliwa dukani. Ni udongo ule ule, uliogeuzwa na moto. Kwanza tanuri liliachwa wazi hewa ipite, chombo chote kikawa chekundu. Kisha matundu yalizibwa na kuni mbichi zikatiwa, moshi ukajaa, oksijeni ikapungua, na chombo chote kikawa cheusi. Katika joto hilo, ambalo lilikaribia nyuzijoto 900, ule udongo laini wa michoro ulijifunga mfano wa kioo. Mwishowe matundu yalifunguliwa tena. Sehemu zisizochorwa, kwa kuwa bado zilikuwa na vinyweleo, zilivuta hewa na kurudia wekundu, na zile zilizojifunga zikabaki nyeusi. Yote haya yalifanyika katika uchomaji mmoja, bila kipimajoto, kwa jicho la fundi aliyechungulia kwenye tundu la tanuri. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani katika jamii ambayo baba hamfundishi mtoto wala bwana hamfundishi mwanafunzi wake, nami naamini karakana hizo zilikuwa shule kamili, ingawa hakuna mwanafalsafa aliyeziita hivyo.

Wahenga wetu walisema mfinyanzi hulia gaeni, na wengi wa mafundi hao bila shaka waliishi hivyo. Hata hivyo walikuwa na fahari. Exekias aliandika kwenye chombo chake kwamba yeye ndiye aliyekifinyanga na kukichora. Ergotimos na Kleitias, waliotengeneza ule mtungi mkubwa wa mwaka 570 KK hivi uliopo Florence, waliweka majina yao mara mbili. Euthymides, karibu na mwaka 510 KK, alichora wanaume watatu wakicheza kwa furaha kisha akaandika kwamba Euphronios hajapata kuchora hivyo kamwe. Maneno hayo ya kumrushia mshindani yamedumu kuliko sheria nyingi za mji. Angalia pia majina yenyewe. Amasis ni jina la Kimisri. Lydos ni mtu wa Lydia, nchi iliyokuwa magharibi ya Uturuki ya leo, na Skythes ni Mskithi, mtu wa kaskazini ya Bahari Nyeusi. Mchoraji mwingine aliyeitwa Lydos alitia saini na kueleza wazi kwamba ni mtumwa. Waathene walijivunia kuwa wazaliwa wa ardhi yao wenyewe, lakini dalili zote zaonyesha kwamba vyombo walivyonywea vilitengenezwa kwa sehemu na wageni na watumwa, na bila saini hizo tusingelijua hilo kwa uhakika kama huu.

Sasa nataka nikusimamishe mbele ya chombo kimoja. Ni mtungi wa maji uliochorwa karibu na mwaka 460 KK na mchoraji ambaye wataalamu wamempa jina la Leningrad Painter, nao uko Italia. Unaonyesha karakana. Wanaume watatu wameketi wakipamba vyombo kwa brashi, na mungu wa kike Athena mwenyewe, pamoja na miungu wawili wa ushindi wenye mabawa, wamewajia kuwavika mashada ya heshima. Ukipeleka macho ukingoni kabisa upande wa kulia, utamwona mtu wa nne, ambaye ni mwanamke. Ameketi kwenye jukwaa dogo, anapamba mpini wa chombo kikubwa, na kazi yake ni ile ile ya wenzake. Hakuna aliyemletea shada. Wapo wataalamu wanaosema kwamba karakana hiyo ni ya vyombo vya shaba wala si ya udongo, na mjadala huo utausoma, lakini kwa vyovyote vile mwanamke yumo kazini na heshima imempita. Katika maandishi yote ya Athens sikumbuki ukurasa unaonionyesha jambo hilo waziwazi namna hii, na aliyelichora pengine hakukusudia kulalamika, bali alichora alichokizoea.

Wanawake wengine utawaona kwenye mitungi ya maji ya mwisho wa karne ya 6 KK, wamesimama kwenye nyumba za visima na mitungi kichwani, wanazungumza. Wengine wako nyumbani: kuna kichupa cha mafuta kilichochorwa na Amasis Painter, yaani mchoraji aliyepamba vyombo vya mfinyanzi Amasis, kirefu kama shibiri moja tu, ambacho kimezungukwa na wanawake wanaopima sufu, wanaosokota nyuzi na wawili wanaofuma kwenye kitanda cha mfumi kilichosimamishwa wima. Katika mtindo huo wa zamani, wa picha nyeusi juu ya wekundu, ngozi ya mwanamume huachwa nyeusi na ya mwanamke hupakwa nyeupe. Weupe huo ulikuwa tamko la jamii kwamba mwanamke mwenye hadhi hapigwi na jua. Wakati huo huo wapo wale wa visimani, wamepakwa weupe huo huo, nao wamo juani na mizigo yao.

Picha nyingi zaidi ni za karamu za divai, kwa kuwa vyombo vyenyewe vilitengenezwa kwa ajili hiyo: bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji, kwa maana kunywa divai tupu kulionekana ni ushenzi, na vikombe vipana vya mikono miwili. Waalikwa walikuwa wanaume, wamejinyoosha juu ya vitanda. Wanawake waliokuwamo walikuwa wapiga zumari na wale waliolipwa kuwastarehesha, si wake wa wenye nyumba. Ndani ya kikombe kimoja cha mchoraji ambaye wataalamu humwita Brygos Painter, cha mwaka 490 KK hivi, kuna kijana anatapika na msichana amemshika kichwa. Picha hiyo iko chini kabisa, kwa hiyo mnywaji aliiona pale tu alipokwisha kukimaliza kikombe. Sijui kitabu cha maadili kilichomfikia mlevi kwa wakati unaofaa kuliko hicho.

Kuhusu kifo, mtungi wa kaburi wa mwaka 750 KK hivi, wenye urefu wa zaidi ya mita 1.5, ulisimamishwa juu ya kaburi la mwanamke, na mchoro wake unaonyesha maiti imelazwa na waombolezaji wameweka mikono kichwani. Huo ni mtungi wa matajiri. Karne tatu baadaye watu wa kawaida walipeleka makaburini vichupa vyeupe vya mafuta, na baadhi ya vichupa hivyo vimefichiwa ndani kikopo kidogo kilichoshikamana na shingo, ili mafuta machache yaonekane kukijaza chote. Usiharakishe kuuita huo ubahili. Mafuta yalikuwa ghali, na huenda aliyekinunua alitaka kumtimizia marehemu wake heshima ambayo mfuko wake haukuweza.

Hata kigae kisicho na picha kinasema. Waathene walipotaka kumfukuza mwanasiasa kwa miaka 10, walipiga kura kwa kukwaruza jina lake kwenye kipande cha chungu kilichovunjika. Katika kisima kimoja karibu na Akropoli, kilima cha mahekalu ya Athens, vilipatikana vigae 190 vyenye jina la Themistokles, yule aliyewaongoza kuwashinda Waajemi baharini, na wachunguzi wa miandiko wamebaini kwamba viliandikwa na watu 14 tu. Kumbe palikuwa na kikundi kilichotayarisha kura mapema na kuwagawia watu. Wanahistoria wa kale wanatusimulia chuki dhidi ya Themistokles. Vigae hivyo vinatuonyesha chuki hiyo ilivyopangwa kwa mikono.

Lazima nikutahadharishe pia. Vyombo vingi vizima vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya havikupatikana Athens, bali katika makaburi ya Waetruska huko Italia. Mfinyanzi Nikosthenes alitengeneza mitungi kwa umbo la Kietruska makusudi kwa ajili ya soko hilo. Kwa hiyo kila uonapo picha, uliza ilichorwa kumfurahisha nani, kwa sababu mchoraji aliyekuwa akitafuta riziki alichora kile ambacho mnunuzi alitaka kukiona, na mnunuzi huyo pengine hakupata kukanyaga Athens maisha yake yote.

Kwa kuwa uko karibu na London, nenda British Museum ukautafute mtungi wa Exekias wenye namba B 209. Yupo Memnon, ambaye katika hadithi za Wagiriki ni mfalme wa Waethiopia aliyekwenda kupigana vita vya Troya, amesimama kati ya askari wake wawili. Kama nilivyokueleza, wanaume wote katika mtindo ule wa picha nyeusi, ambao ndio wa mtungi huu, ni weusi, basi rangi haikuweza kumtofautisha Mwafrika. Mchoraji alitumia ncha kali kuchonga nywele na pua. Askari amewapa sura ya Kiafrika kwa uangalifu mkubwa. Memnon, ambaye Wagiriki walimheshimu kama shujaa, amempa uso wa Kigiriki na silaha za Kigiriki. Na kando ya askari mmoja ameandika Amasis, jina la yule fundi mwenzake, jambo ambalo wengi wamelichukua kuwa ni kumtania mshindani kwa asili yake.

Simama hapo kwa muda, uzunguke mtungi wote, kisha uniandikie unavyoufahamu wewe uso ule wa Memnon: kama Exekias alimheshimu kwa kumfananisha na Wagiriki, au alishindwa kumwona shujaa mwenye sura nyingine. Mimi nina maoni yangu, lakini nimeuona pichani tu, na nisingependa uyasome kabla hujautazama mwenyewe.

Mama yako akupendaye.