Nikipaliwa kweli, wanacheka

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Dunda, Bagamoyo. Kazi yangu ni sarakasi na moto. Tuko watano, tunapiga shoo kwenye hoteli za ufukweni kwa laki na nusu, tunagawana. Jukwaani mimi ni Mzee Kibatari, kizee chenye tumbo la mto na tarabushi, kinachoogopa moto kuliko mtoto mdogo. Naomba kiberiti kwa wageni huku natetemeka, nawasha mwenge, naukimbia, halafu eti natema moto kwa bahati mbaya. Mwisho najifanya nimeungua, nagaagaa mchangani nikimwita Mama Kibatari aje anizike. Hapo watu hucheka mpaka machozi. (Huyo Mama Kibatari hayupo, Anti. Sijaoa.)

Mwezi wa saba meneja mmoja alihamisha viti ili moshi wa samaki wa kuchoma usiwafuate wageni. Nikajikuta natazamana na kusi. Mtema moto huupa upepo kisogo, hilo nalijua tangu nianze, lakini wageni walishakaa na ngoma ilishalia. Moto ukanirudia usoni, nikashtuka, nikavuta pumzi mafuta ya taa yakiwa bado mdomoni. Nikapaliwa. Nikaanguka nakohoa, napigapiga mchanga kuomba msaada. Wakashangilia. Mwenzangu wa ngoma, ambaye tumejenga naye piramidi tangu tukiwa watoto, akaongeza mdundo.

Walipoona siinuki ndipo wakaninywesha maziwa ili nitapike. Daktari alifoka: mafuta ya taa ni mepesi, ukiyatapika unayapa nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Nikalazwa siku sita kwa nimonia. Kidevu kimepona. Pumzi bado, nikipiga samasoti mbili tu kifua kinabana.

Nimewaambia naacha kutema. Kibatari abaki, ila azungushe moto kwa minyororo, mafuta yasiguse mdomo. Meneja anasema wageni wanataka kupiga picha moto ukitoka kinywani. Mwenzangu anasema Kibatari bila moto ni kopo tu. Hata mama nilipomwambia naogopa alicheka, "Ushaanza vituko vyako." Na kweli, Anti, nilimwambia kwa ile sauti ya kizee. Imenikaa. Nikiona aibu inatoka yenyewe.

Ningeshaondoka zamani, vibarua vya kushusha samaki havikosekani. Ila kundini tuna mdogo wetu wa miaka 16, ndiye anayesimama juu kabisa ya piramidi. Wameshamwambia tarabushi ni lake. Juzi nilimkuta nyuma ya nyumba anapulizia mshumaa maji kutoka mdomoni, na mimi nilianza hivyo hivyo. Nikamkemea, nikamwonyesha kovu. Akanijibu kwa sauti ya Kibatari, "Mama Kibatari, njoo unizike!" Tukacheka wote wawili, Mungu anisamehe.

Shoo yake ya kwanza ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nirudi mwenyewe nivae tarabushi, angalau huyu mtoto apone? Au nimwendee mama yake? Na nikimwendea, nianzeje asicheke? Mama huyo huwa anakaa mstari wa mbele.

Kibatari, Bagamoyo