Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ankara Moja Iliyotulaza Mpakani

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote wa chama chetu cha wachuuzi wa mpakani. Mama zangu wa Ngamiani na Makorora, dada zangu wa Muheza, jamaa zetu wa Mkinga mliodamka na basi la alfajiri, na nyie wanaume wachache mliokubali kuongozwa na mwanamke, karibuni. Habari za fedha sizigusi hapa. Mhazini amezibandika mlangoni. Mwenye swali amuulize yeye, nisije nikasema nisilolijua.

Naanza na aibu yangu, maana mmeshaisikia sokoni na ni afadhali muisikie kwangu.

Msimu wa machungwa ulipochanganya nilikuja na shauri: badala ya kila mtu kudandia gari la watu, tukodi Fuso moja kutoka Muheza hadi soko la Kongowea, Mombasa, tugawane nauli. Wanachama saba wakakubali. Nazi zikapakiwa chini, matenga ya machungwa juu, na magunia ya pilipili manga na mdalasini wa Amani yakasogezwa mbele yasilowe. Mimi nikitaka mambo yawe mepesi, nikaandika ankara moja kwa jina langu. Jioni tukafika Horohoro, mpakani na Kenya.

Dirishani kijana akaisoma ankara, akapiga hesabu kwenye kikokotoo, akanigeuzia kioo nijionee. Cheti kile cha uasili kilichorahisishwa, cha kuthibitisha kwamba mzigo umetoka huku kwetu, sisi tunachokiita cheti kidogo, ni cha mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Peke yetu hakuna aliyekaribia kiasi hicho. Ila kwa karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, mzigo wote ulikuwa wa mtu mmoja, na viungo peke yake vilikuwa vimeshaupandisha. Tukaambiwa tufuate utaratibu wa mfanyabiashara mkubwa: cheti kamili, na wakala wa forodha wa kutuombea na kulipwa. Tukalala hapo. Mmoja wetu alikaa usiku kucha juu ya tenga, anabonyeza machungwa kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, yaliyolainika anayatupia kwenye khanga aliyoitandaza chini. Kulipokucha khanga haikufungika. Hakunisema hata neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kijana yule hakutuonea. Alifuata kilichoandikwa, na aliyekiandika vibaya ni mimi. Naomba radhi kwa wale saba, na fedha za wakala nimeanza kuzirudisha kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu.

Tangu hapo tumebadilisha mtindo. Gari ni lile lile moja, ila kila mtu ana ankara yake, cheti chake, na uzi wa rangi yake ulioshonwa kwenye mdomo wa gunia. Matenga yanafungwa kitambaa cha rangi hiyo hiyo. Afisa akiuliza hili la nani, mwenyewe ananyoosha mkono na karatasi yake. Safari zote zilizofuata hatukulala njiani.

Nimelirefusha hili kwa sababu ndimo nilimoliona tatizo letu. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005. Soko la Pamoja likaanza kutumika Julai 1, 2010. Chungwa la Muheza lililothibitishwa kuwa ni la huku halitozwi ushuru wa forodha Kenya. Haya si maneno ya kuombea kura. Yapo kwenye itifaki zilizosainiwa na kuridhiwa. Lakini mchuuzi wetu, miaka yote hii, haki yake inampotea katika zile hatua hamsini za mwisho, kutoka alipoegesha gari mpaka dirishani. Analiogopa dirisha. Anaona heri apite njia ya panya, viroba viwili viwili juu ya bodaboda, na kila kipenyo kina mtu wa kupozwa. Nimewaomba baadhi yenu mniandikie mnachotoa huko kwa mwezi. Wengi hamkurudisha karatasi. Nadhani mlipiga hesabu mkaogopa jibu. Fedha ya kupoza haina risiti, na mzigo ukishikwa porini huna pa kwenda kulalamika, kwa sababu wa kwanza kuulizwa umepitia wapi ni wewe.

Halafu yuko kijana wa "mama nikusaidie". Cheti kidogo kinatolewa pale pale mpakani bila malipo. Yeye anakujazia, anakutoza, na mwezi ujao unarudi kwake kama mgonjwa kwa mganga. Ndiyo maana katibu wetu alikaa na watu Jumamosi kwa Jumamosi wakijaza fomu, wanafuta, wanajaza tena. Mwanachama mmoja wa makamo, ambaye kalamu alikuwa ameiacha darasa la nne, alijaza yake bila msaada mwezi uliopita. Ameiwekea fremu nakala yake, ipo ukutani kwake juu ya picha ya harusi ya mwanawe. Tangu Februari 2021 wakuu wa nchi wamekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Siku kila karatasi ya mpakani itakapotusemesha kwa Kiswahili, katibu atapumzika Jumamosi zake.

Msije mkadhani cheti kidogo ni ufunguo wa kila mlango. Kinaondoa ushuru wa forodha, basi. Kodi nyingine zinazotozwa upande wa pili zinabaki pale pale. Sisi wa matunda na nazi bado tunahitaji cheti cha afya ya mimea, na hicho ndicho cha kuanza nacho kabla hata hamjakodi gari. Kwa wenzetu wa mahindi, kumbukeni Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya vipimo na usajili. Anayeanika mahindi yake juu ya udongo mtupu ajue anatuharibia wote. Turubai si ghali kuliko gari zima kugeuzwa.

Kuhusu kuvuka kwenyewe sina jipya. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatumo, kwa hiyo pasipoti au hati ya dharura ya safari. Inachosha, hasa kwa Wadigo wenzetu ambao shangazi yuko Mkinga na mjomba yuko Kwale, na mpaka wenyewe ulikatwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 bila kumuuliza shangazi wala mjomba. Kamati itaendelea kulisema hili kila inapopata mtu wa kumwambia.

Lililotugawa zaidi ni amri ya serikali yetu ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwamo kununua mazao shambani. Wachuuzi mlishangilia, na sitawaficha, nami nilishangilia. Wakulima wa Muheza wakanuna. Mnunuzi kutoka Kenya alikuwa anakuja na gari lake, anakadiria mti ungali na matunda, analipa taslimu, anachuma. Sasa mnakwenda nyie, na baadhi yenu mnachukua mzigo kwa ahadi ya "nitakuletea nikirudi". Mkulima mmoja aliniambia, mbele ya mkewe, kwamba mgeni alimheshimu kuliko ndugu. Sikuwa na la kumjibu. Na tusijifanye hatuoni upande wa pili: wengi wetu tuna meza Kongowea. Siku jirani naye akiamua kutazama kila meza ni ya raia wa wapi, tutaikimbilia itifaki ile ile ya Soko la Pamoja ambayo leo wengine mnaicheka.

Kamati haikuafikiana katika hilo, kwa hiyo nalileta kwenu mlipigie kura leo. Pendekezo langu ni kwamba mwanachama anayenunua Muheza kupitia gari la chama alipe taslimu shambani, au asipakie. Najua kuna watakaonikasirikia, na uchaguzi ni mwakani.

Nafasi ya makamu iko wazi kwa kuwa aliyekuwepo ameolewa Lushoto. Majina yatapokelewa baada ya chai.

Gari la Alhamisi litaondoka Muheza saa kumi alfajiri. Nyuzi za kijani na nyeusi hazijachukuliwa na mtu. Anayetaka amwone mhazini, na aje na ankara yake mwenyewe.