Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Dhahabu Iliyopita Kilwa

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Wazazi, walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Asalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Historia tunakukaribisha shuleni kwetu kwa mikono miwili. Tunafahamu kuwa majukumu yako ni mengi, na kukubali kwako kuja kukaa na wanafunzi siku nzima kumetupa moyo sana. Kwa kuwa kazi yako ni kuhifadhi mambo ya kale, tumeona tusikuletee orodha ya shida peke yake. Tunaomba kwanza utusikilize tukueleze tulichokisoma mwaka huu, kisha maombi yetu yafuate, nayo si mengi.

Ndugu Mgeni Rasmi, mada yetu ya mwaka ilikuwa dini, biashara na dola katika zama za kati. Katika vitabu vya kiada mambo hayo yamepangwa mbalimbali: biashara ya Bahari ya Hindi ina sura yake, kuenea kwa Uislamu kuna sura yake, na Wareno wanakuja baadaye kana kwamba wametokea dunia nyingine. Sisi tuliamua kuyasoma kwa pamoja, kwa kufuata kitu kimoja tu tangu kinapotoka hadi kinapoishia. Kitu hicho ni dhahabu ya Kilwa.

Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu kati ya mito ya Zambezi na Limpopo, ilikochimbwa na kuchujwa mitoni na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kutoka huko ilishuka hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, kisha ikapandishwa kaskazini kwa vyombo vya Kilwa. Tulijiuliza kwa nini wafanyabiashara wa Uarabuni na Gujarat hawakwenda Sofala wenyewe wakanunua kwa bei ya chini. Jibu tulilipata kwa wazee wavuvi kabla ya kulipata kitabuni, nalo ni upepo. Jahazi lililoshuka kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, liliweza kufika Kilwa, likauza na kununua, kisha likarudi na kusi ya mwaka uleule. Likisogea kusini zaidi, msimu ulilitupa mkono, na nahodha angelazimika kukaa ugenini hadi mwaka unaofuata. Kilwa ilikuwa karibu na ukomo wa safari ya msimu mmoja. Watawala wake walilijua hilo, wakaishika Sofala, na dhahabu ikawa haina budi kupita mikononi mwao.

Upepo peke yake hautoshi kufanya biashara. Mtu anayefika kwenye mji asioujua, akiwa na vitambaa, shanga na vyombo vya udongo vya Uajemi na China, anahitaji kujua nani hatamdhulumu. Hapa tulisaidiwa na Ibn Battuta, msafiri kutoka Tanja nchini Morocco, aliyepita katika pwani yetu mwaka 1331. Anaeleza kwamba merikebu ilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji waliijia kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kwamba huyu ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mtu akimlalia mgeni bei, au akimuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo haikukubalika. Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara bali mwanazuoni wa sheria, kwa hiyo yeye alipelekwa kwa kadhi, na kadhi huyo asili yake ilikuwa Misri.

Wanachama wengi wa klabu waliipenda sana habari hii ya sahani, nasi tunaona ndiyo iliyotufungulia mada nzima. Mtu wa Morocco anashuka katika pwani ya Afrika Mashariki, anapokewa na kadhi mwenye asili ya Misri, anaswali Ijumaa pamoja na wenyeji, na sheria ya mikataba, ya deni na ya ushahidi ni ile anayoifahamu. Hivyo ndivyo dini ilivyofanya kazi sokoni. Iliwapa watu wasiojuana mahali pamoja pa kuapia na mtu mmoja wa kuwaamulia. Na kwa kuwa wageni walikaa miezi wakingoja upepo, waliswali humo, wakaoa humo, na wengine hawakurudi kwao.

Kutoka Mogadishu Ibn Battuta alipitia Mombasa, akafika Kilwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, ila anasema umejengwa kwa mbao. Nasi tulikuwa tumesimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wenye nguzo na makuba ya mawe, tukisoma maneno yake! Mwalimu wetu alitukumbusha kuwa masimulizi yale yaliandikwa zaidi ya miaka 20 baada ya safari, na tangu siku hiyo tumezoea kumuuliza kila shahidi alikumbuka lini na alimweleza nani.

Msikiti huo ulipanuliwa sana na sultani huyohuyo, na ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari. Matumbawe ya kujengea yalikatwa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Jumba lina vyumba zaidi ya 100. Upande mmoja kuna birika la kuogea lenye pembe nane, na upande wa kusini kuna uwanja mpana uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa vilikuwa maghala. Kwa maoni yetu, ramani ya jumba hilo inaeleza dola ya Kilwa vizuri kuliko aya yoyote ya kitabu: sultani aliishi na bidhaa zake chini ya dari moja. Sarafu zake za shaba nazo zilibeba jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, pande zote mbili zikiwa na kina kimoja kama beti ya shairi. Sarafu moja ya sultani huyu ilipatikana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa tunaomba kusema jambo ambalo mara nyingi hurukwa tunapojivunia historia ya Pwani. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja, baada ya swala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani aliingia ndani, akavua, akampa. Watu wakasifu. Kisha mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi badala yake, na sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Masimulizi hayohayo yanasema sultani alizoea kuwashambulia watu wa bara wasio Waislamu, na kwamba sehemu ya tano ya ngawira aliitenga kwa matumizi yaliyoelekezwa na dini, akiwapa masharifu waliomjia kutoka Hijaz na Iraki. Msimulizi anatoa habari hii kama sifa. Sisi tuliisoma tukiwafikiria wale watu ishirini. Hakuna aliyeuliza walitoka kijiji gani. Huenda walikuwa wa bara hili hili tunapoishi.

Sasa turudi kwenye dhahabu. Vasco da Gama alifika katika pwani hii mwaka 1498, na mwaka 1502 alirudi na merikebu za vita akatia nanga mbele ya Kilwa. Alimtishia Amiri Ibrahim kwamba angeuteketeza mji asipokubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi kila mwaka. Amiri alilipa mithqali 1,500 za dhahabu (mithqali ni kipimo cha kale cha uzito), na mwaka 1503 dhahabu hiyo ikafika Lisbon.

Mfalme Manuel hakuipeleka sokoni. Aliamuru itengenezewe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi Takatifu ili waamini waiabudu. Kazi hiyo, iliyofanywa na sonara Gil Vicente, ilimalizika mwaka 1506, na mfalme aliiacha kwa wosia kwa watawa wa monasteri ya Belém. Leo ipo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Sanaa za Kale mjini Lisbon. Tumeitazama katika picha kwa muda mrefu. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Ekaristi. Chini yao kuna tufe za falaki, yaani mifano ya anga iliyoundwa kwa pete, ambazo zilikuwa nembo ya mfalme huyo. Na kwenye kitako, kwa maandishi yanayozunguka, imeelezwa kwamba mfalme Manuel aliamuru ifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa limeandikwa pale, linasomeka hadi leo.

Wakati sonara anaikamilisha kazi hiyo, Kilwa ilikuwa imekwisha kuvamiwa. Mwezi Julai 1505 jemadari wa Ureno, Francisco de Almeida, aliteremsha askari alfajiri. Amiri alikimbia. Mjerumani mmoja aliyeandika habari za siku ile, aliyekuwa katika msafara huo, anasema mapadri walishuka na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu hadi kwenye jumba la mtawala, jemadari akasali mbele ya msalaba, na baada ya sala kila mtu akaanza kupora. Ngome ikajengwa upesi. Lakini dhahabu haikufuata ngome, kwani wafanyabiashara walitafuta njia nyingine, wakapitia bandari kama Angoche ya Msumbiji, na mwaka 1512 Wareno wakaondoka Kilwa.

Mjadala wetu kuhusu hayo ulikuwa mkali. Baadhi ya wanachama walisema Kilwa na Ureno zilifanya jambo lilelile, kila mmoja akachukua mali ya mwingine na kumshukuru Mungu. Wengine walipinga, wakaeleza kwamba Kilwa ilimtoza ushuru aliyetia nanga kwake, lakini haikumwambia mtu wa Hormuz kule Uajemi au wa Cambay kule Gujarat kuwa hana ruhusa ya kupita baharini bila hati yake. Wareno walidai bahari yenyewe, na chombo kisicho na hati yao kiliweza kutekwa. Klabu imekubaliana kwamba tofauti hiyo ni ya kweli na ni kubwa. Tumekubaliana pia kwamba haifuti habari ya watu ishirini. Waislamu na Wakristo katika klabu yetu walikaa meza moja kuyasema haya, na tunaamini ni kwa sababu hakuna aliyetakiwa kuitetea dini yake kwa kuficha ukurasa.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa changamoto zetu kwa ufupi. Fedha za klabu hutokana na michango ya wanachama, hivyo si kila mwanachama aliweza kuvuka kwenda kisiwani. Projekta ya shule ni mbovu, na picha za Lisbon tulizitazama kwenye simu ya mwalimu kwa zamu. Maktaba haina masimulizi ya Ibn Battuta kwa Kiswahili, kwa hiyo tulitegemea tafsiri ya mdomo ya walimu wetu wa Kiarabu na Kiingereza, ambao tunawashukuru sana.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza ni msaada wa nauli ya mashua na kibali cha kuingia magofuni, ili kila mwanachama aione Husuni Kubwa kabla ya kumaliza shule. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati na kuzuia mawimbi. Tungependa pia tufundishwe na mafundi namna chokaa inavyochanganywa, tusiishie kupiga picha.

La pili ni picha kubwa ya ile monstransi, yenye maandishi ya kitako yanayosomeka, ili itundikwe katika chumba cha historia pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Mtoto wa Kilwa asisubiri kufika Lisbon ndipo ajue jina la mji wake limeandikwa pale.

La tatu, tunaomba utuunganishe, kupitia wenzako wa makumbusho, na shule moja ya Sofala na nyingine iliyo jirani na Great Zimbabwe. Sisi tunayo magofu ya waliouza dhahabu. Wao wanaishi katika nchi ya walioichimba. Tungependa kuwaandikia na kuwauliza wazee wao wanasimulia nini kuhusu watu wa pwani.

Tunakushukuru, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kutusikiliza. Tunawashukuru Mkuu wa Shule, walimu walezi wa klabu, wazazi waliotuchangia, na manahodha waliotuvusha kwa bei ya wanafunzi.

Tunaomba kuwasilisha.