Vumbi kwanza, watu baadaye

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Nyumbani kwema? Na hilo joto la Muscat linakutendaje? Hapa kusi inavuma mpaka usiku twatafuta shuka la pili, na mama kila jioni ananililia nifunge madirisha.

Nimerudi. Najua picha umeshaziona, na uliyomwambia dada yako yamenifikia: eti nimelipa pesa zote zile kwenda Maasai Mara kula vumbi kwenye mbio za baiskeli. Ni kweli. Nimelipa, na vumbi nimelila, na leo nilipokung'uta mkoba kwenye kibaraza jirani akaniuliza kama nimeleta unga. Lakini ilikuwa twende wawili, basi nisikilize mpaka mwisho halafu unicheke.

Zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo ilipofika, mama alitaka tubadilishe makochi. Nikamwambia makochi yatangoja. Safari yenyewe ilikuwa ya siku sita: kiongozi mmoja, gari moja la kubeba maji na mizigo, na sisi wageni saba, tukiendesha baiskeli asubuhi na kutazama mashindano baadaye. Nilipanda treni Miritini, nikalala Nairobi, kesho yake tukashuka Mai Mahiu kuelekea Narok. Pale kwenye mteremko kuna kile kikanisa kidogo cha mateka wa Kitaliano waliojenga ile barabara wakati wa vita. Dereva alipunguza mwendo tukione. Mimi nilikuwa naangalia lile bonde tu, nikijiambia, mwanamke wewe, mtoto wa pwani, umefuata nini huku?

Mbio zenyewe zaitwa Migration Gravel Race. Zilianza 2021 huko Mara, siku nne, na mwaka ule wa kwanza njia nzima ilikuwa kama kilomita 650 za changarawe, vumbi na mito ya kuvuka kwa miguu huku baiskeli iko begani. Jina limetokana na kuhama kwa nyumbu, ingawa mwezi wa Juni nyumbu wengi huwa bado wako Serengeti. Kwa hiyo usiniulize nyumbu. Punda milia niliwaona mpaka nikachoka.

Kilichonivuta si wanyama lakini. Mwanzilishi wake ni mwanasheria mmoja, Mikel Delagrange, aliyekuwa akifanya kazi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, na mradi wenyewe ameuita Amani. Wazo lake hata mama alilielewa nilipomweleza: vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda miguu wanayo, ila viza hawana, na nauli ya kwenda kupimana nguvu na Wazungu hawana. Basi Wazungu na waje. Wewe uliyekaa miezi mingapi ukingoja karatasi ya kuingia huko uliko, nadhani sihitaji kukueleza zaidi.

Sasa tuje kwenye aibu yangu.

Unazikumbuka asubuhi zetu za baiskeli kule Mama Ngina? Tukimaliza Alfajiri tunatoka, tunakwenda mpaka kwenye mibuyu, tunarudi, tunakula viazi karai na kujiona wajuzi. Ulipoondoka nilianza kufuatana na wale vijana wa Jumamosi, mpaka Mazeras na zile njia za vumbi za Rabai. Nikadhani nimeshaiva. Siku ya kwanza Mara, baada ya kilomita tatu tu, nilishuka nikasimama kando ya njia, mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini. Wewe wajua sisi twaishi usawa wa bahari. Kule tulikuwa juu zaidi ya mita 1,800, na kiongozi akaniambia kila pumzi ninayovuta ina hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ya ile niliyoizoea. Nikamuuliza mbona wale watoto wanaotukimbilia wanacheka na mimi nakufa. Akasema, "Wao wamezaliwa hapa, dada. Wewe endesha kama mtu aendaye sokoni asubuhi, si kama mtu aliyechelewa kazini." Nikaanza kwenda kisokoni.

La pili ni tairi. Baiskeli yangu nimeiacha nyumbani, nilipewa ya kukodi. Kampuni siitaji jina, ila waliniahidi saizi yangu wakanipa ya mtu mrefu, kiti kimeshushwa mpaka mwisho na bado vidole tu ndivyo vilivyofika chini. Haya, nikaipanda hivyo hivyo. Nikaomba pampu, nikajaza upepo mpaka tairi likawa gumu kama jiwe, si ndivyo fundi wetu wa Mwembe Tayari anavyotufundisha? Njia ile ina matuta madogo madogo yaliyopangana kama bati la paa. Nilitikisika mpaka meno, mpaka helmeti ikanishukia machoni juu ya mtandio. Mikono ikafa ganzi. Kiongozi akanisimamisha, akachuchumaa, akafungua kifuniko cha vali, akaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Fsss. Akasikiliza. Akalibonyeza tairi kwa gumba. Fsss tena. Wallahi nilidhani ananiharibia baiskeli. Kumbe tairi pana likiwa na upepo kidogo hulala juu ya jiwe, linalimeza, halirushwi nalo, na pale penye mchanga hushika badala ya kuteleza. Ndani halina tyubu, lina maji mazito meupe kama tui. Mwiba ukiingia, maji yale hukimbilia tundu na kuganda. Niliuona mwiba wa mgunga umeingia, urefu wa kidole changu cha mwisho, ukachomolewa, likatoka povu jeupe, tukaendelea na safari. Nikafikiria pancha zote tulizobandika mimi na wewe juani pale Nyali darajani, nikaona uchungu.

Usiku, mezani, tuliambiwa habari za mbio nyingine za namna hii. Ile kubwa iko Emporia, Kansas, kilomita kama 320 kwa siku moja, ilianza 2006 kwa watu wachache tu. Ubingwa wa dunia wa changarawe ulikuja juzijuzi, 2022, kule Veneto, Italia. Na mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Suleiman Kangangi, Sule, nahodha wa timu ya Amani, alianguka kwenye mbio kule Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Mezani pakawa kimya. Mpishi aliyekuwa akileta chai akasimama na birika mkononi mpaka mazungumzo yaliporudi.

Sasa utauliza, mashindano uliyaona? Niliyaona, na nikwambie ukweli ambao haumo kwenye tangazo: kutazama mbio hizi ni kungoja. Mpira unakaa kitini unaona dakika tisini. Hapa tuliamka saa kumi na moja, tukaendesha kilomita ishirini na kitu za njia ile ile watakayopita wao, halafu tukakaa chini ya mti saa mbili nzima. Ng'ombe wakapita. Mbuzi wakapita. Mzee mmoja wa Kimasai akaja kukaa nasi, akanyoosha fimbo kuelekea kilimani, akasema, "Wale." Sisi hatukuona kitu. Baada ya muda ndipo tukaona kijivumbi chembamba kama moshi wa sigara. Kule unaona vumbi kwanza, watu baadaye. Wakaja, hatukusikia injini, hatukusikia kelele, cheni tu zikilia na mawe yakiruka, na pumzi. Sekunde ngapi? Sijui kama zilifika ishirini. Wakapita.

Ningeondoka nikiwa na hasira kama nisingekuwa nimepanda mlima ule mwenyewe asubuhi. Hapo ndipo penyewe, shoga. Juu kidogo ya ule mti kulikuwa na mwinuko wa mawe ya kuteleza ambao mimi niliushindwa kabisa, nikashuka, nikasukuma baiskeli kama mkokoteni wa maji. Nilikuwa nimepita katikati, kwa sababu katikati ndipo palipoonekana pasafi. Wao hakuna hata mmoja aliyepita katikati. Walikwenda ukingoni kabisa, kwenye ukanda wa udongo mgumu usiozidi upana wa kiganja, mmoja nyuma ya mwenzake. Hawakusimama kwenye kanyagio kama nilivyofanya mimi nikakosa nguvu ya nyuma. Walikaa, wakainamisha kifua, mikono imelegea kama wanabeba yai. Mtu aliyekuja kwa gari angeona watu wanapanda kilima. Mimi niliona kila kosa langu likisahihishwa.

Na wanawake walikuwemo humo humo, wameondoka wakati mmoja na wanaume, njia moja, mlima mmoja. Mmoja alipita katikati ya kundi la wanaume watano, mashavu yamekauka vumbi, macho mbele. Nilipiga kigelegele, kile cha harusini hasa. Wazungu wote wakageuka. Na yule mzee wa fimbo akageuka.

Wale wa mbele wakishapita, magari ya watazamaji huondoka. Sisi tulibaki, na nashukuru. Karibu na adhuhuri alikuja kijana peke yake, cheni imekatika. Kwenye mbio hizi mtu hujitengenezea mwenyewe, kwa hiyo tulikaa mikono mapajani tukimtazama. Alichuchumaa, akatoa kitu kidogo mfukoni, akasukuma pini ya cheni pole pole, huku mikono ikimtetemeka. Ikamponyoka ikaanguka kwenye majani. Watoto watatu wa pale wakainama kutafuta, mkubwa wao akawapiga makofi mgongoni wasiikanyage. Waliiona. Hawakumpa mkononi, walimwonyesha kwa kidole, naye akaiokota. Sijui nani aliwafundisha sheria hiyo. Alipomaliza akajipangusa jasho kwa mkono wenye grisi, akabaki na alama nyeusi kutoka sikioni mpaka kidevuni, akapanda, akaondoka bila kusema neno.

Mvua haikukosekana. Jioni ya siku ya tatu ilinyesha nusu saa tu, na ule udongo mweusi wa kule ukageuka ugali. Magurudumu yalijaa mpaka yakagoma kuzunguka. Tulibeba baiskeli, kila mmoja na matope yake, mpaka gari likatukuta. Kuhusu hema sisemi kitu, ila mgongo wangu una maneno yake.

Nilizisali adhuhuri na alasiri pamoja kando ya njia, kisafari, nimetandika koti la mvua. Punda milia wakinitazama. Hilo sikulipiga picha.

Kesho narudi kazini. Jumamosi nimewaambia vijana twende tena Rabai, na matairi yangu tayari nimeyapunguza upepo. Fundi wa Mwembe Tayari amenitazama kama niliyerogwa. Nimemwambia angoje Jumatatu aone pancha ngapi. Akasema angoja, na bei ya kiraka ataipandisha.

Ukija Disemba usiniletee udi, ule wa mwaka jana bado umejaa kwenye kikopo. Niletee glovu za baiskeli zenye sifongo kwenye kiganja, saizi ndogo. Hapa nimezunguka kote, za wanaume tu. Na ya kwako ununue pia, kwa sababu zamu yako ya mchezo ni mwezi wa tatu na mimi nimeshamuuliza kiongozi nafasi mbili.

Mama anakusalimu. Asema usinisikilize.

Wako,
mwenzio wa mibuyuni