Kivumishi Kinapokaa Baada ya Nomino: Kosa Tunalokutana Nalo Sana Katika Kiingereza cha Wateja Wetu

Mteja wetu mmoja, mwenye nyumba ya wageni hapa Mji Mkongwe, aliwahi kumwachia msimamizi wa ukarabati asiyejua Kiswahili orodha ya kazi aliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza, na mstari mmoja wa orodha hiyo ulisema "to paint the white doors". Aliporudi baada ya siku tatu alikuta milango miwili ya vyoo, ambayo tangu awali ilikuwa myeupe, imepakwa upya hadi inang'aa, ilhali milango tisa ya vyumba imebaki na rangi yake ya kahawia. Msimamizi alikuwa ametekeleza alichokisoma, yaani kuipaka rangi ile milango iliyo myeupe. Mteja alikusudia milango yote ipakwe rangi nyeupe, na hilo kwa Kiingereza ni "to paint the doors white". Maneno ni yaleyale matano, na lililohama ni "white" peke yake.

Ofisi yetu huhariri matangazo, mikataba midogo, barua za maombi na vibao vya hoteli, na kosa la aina hii tunakutana nalo mara nyingi kuliko makosa ya tahajia. Asiliye ni somo tulilofundishwa sote shuleni, kwamba Kiswahili huweka kivumishi baada ya nomino na Kiingereza hukiweka kabla. Somo hilo ni sahihi, ila halikumalizwa. Mtu aliyelishika kwa uaminifu hukivuta kivumishi mbele ya nomino kila anapokiona, hata pale ambapo Kiingereza chenyewe kinakitaka kibaki nyuma, na pahali hapo ni pengi zaidi katika vishazi vinavyoanza na "to", ambavyo ndivyo tunavyovitumia kutoa maagizo, kueleza malengo na kuorodhesha kazi.

Tazama jinsi Kiswahili kinavyojilinda katika jambo hili. Tukisema "kupaka milango myeupe rangi", kiambishi cha "myeupe" kinaufungamanisha weupe na milango, kwa hiyo tunajua milango ilikuwa myeupe kabla fundi hajafika. Tukisema "kupaka milango rangi nyeupe", kivumishi kimepatana na rangi, na tunaelewa kwamba weupe ndio utakaoletwa na brashi. Upatanisho wa ngeli unatuonyesha kivumishi ni cha nani. Kiingereza hakina upatanisho huo. Neno "white" halibadiliki hata likiandamana na mlango mmoja, milango kumi au ndoo ya rangi, na kwa sababu hiyo mzigo wote wa maana unabebwa na nafasi ya neno. Kivumishi kikitangulia nomino, kinaeleza nomino ilivyo tangu mwanzo. Kikiifuata nomino iliyotendwa, kinaeleza nomino itakavyokuwa au itakavyobaki kutokana na kitendo. Mteja akilielewa hilo, mengine huja kwa wepesi.

Vitenzi vinavyopenda mpangilio huu si vingi, lakini ni vile tunavyovihitaji kila siku: "make", "keep", "leave", "paint", "find", "set" na vichache vya jamii yao. Ndiyo maana husemwa "to keep the windows open" kwa maana ya kuacha madirisha wazi, "to set the bird free" kwa maana ya kumwachia ndege huru, na "to find the work difficult" kwa maana ya kuiona kazi kuwa ngumu. Kipimo tunachowapa wateja ni maswali mawili. Kivumishi kikijibu swali la "kipi?", kiweke kabla ya nomino, kikijibu swali la "kitakuwaje?" au "kibakije?", kiweke baada yake. Chumba kibakije? Kibaki safi: "to leave the room clean". Tulipata kuletewa kibao kilichosema "guests are requested to leave the clean room", na mgeni anayekisoma ana kila sababu ya kudhani kwamba anaombwa akitoke chumba hicho kisafi, ilhali mwenye nyumba alitaka tu chumba kisiachwe kichafu.

Kuna kosa la pili linalotokana na utajiri wa lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina kauli ya kutendesha, kwa hiyo mara nyingi hatuhitaji kivumishi kabisa: tunasema kufurahisha, kurefusha, kufupisha, kurahisisha, na kitenzi kimoja kinamaliza kazi. Tunapokosa kitenzi cha namna hiyo, tunasema "kumfanya awe" au "kukifanya kiwe". Basi mwandishi akifika kwenye Kiingereza, lile "awe" au "kiwe" humfuata, naye huandika "to make our customers to be happy". Kiingereza hapa hakitaki "to be". Kinatosheka na "to make our customers happy". Wengine huona kwamba kuna kitenzi karibu na kudhani wanahitaji kielezi, wakaandika "to make our customers happily". Furaha hapa ni ya wateja, wala si namna ya kutenda, kwa hiyo ni lazima neno libaki kivumishi.

Mpangilio huu una mlango mmoja wa pembeni. Kirai cha nomino kikiwa kirefu sana, Kiingereza kinaruhusu kivumishi kitangulie ili msomaji asikisubiri mno, kama katika "to make clear the reasons for the delay". Kikiwa kiwakilishi kifupi, ruhusa hiyo haipo: ni "to make it clear", na kamwe si "to make clear it".

Halafu yapo maneno ya jumla kama "something", "nothing", "anyone" na "somewhere", ambayo kivumishi chake huyafuata daima: "something cold to drink", "nothing new to report", "somewhere quiet to sit". Mpangilio huo ni wa kwetu kabisa. "Kitu baridi cha kunywa" kinaingia katika Kiingereza neno kwa neno bila kuvunjika, na inatusikitisha kuona mwandishi aliyekuwa amelipata jambo sawasawa analifuta na kuandika "a cold something to drink" kwa hofu ya lile somo la shule. Hali kama hiyo iko pale kivumishi kinapokuwa na mkia wake. Tunasema "a heavy bag", lakini mfuko mzito mno usiobebeka ni "a bag too heavy to carry", kwa sababu "too heavy to carry" ni fungu moja na linakaa pamoja baada ya nomino. Ukiandika "a too heavy bag to carry" umelikata fungu hilo katikati.

Kuhusu vyakula na vinywaji, tofauti huwa ndogo. "To serve hot coffee" na "to serve the coffee hot" zote zinakubalika, japo ya pili inatilia mkazo hali ya kahawa wakati inapofika mezani, nasi hatumsahihishi mteja aliyechagua mojawapo.

Ombi letu kwa kila anayetuletea maandishi ya Kiingereza ni moja: chini ya kila mstari wa agizo, andika kwa Kiswahili kile ulichotaka kusema. Mhariri akiona "the white doors" peke yake hana njia ya kujua kwamba pana kosa, maana sarufi yake ni safi. Akiona chini yake "milango ipakwe rangi nyeupe", atalihamisha neno papo hapo. Mteja wetu wa Mji Mkongwe alituletea orodha yake kwa utaratibu huo kabla ya awamu ya pili ya ukarabati, na mistari aliyomkabidhi msimamizi ilisomeka hivi: "to paint all the bedroom doors white", "to keep the windows open until the paint is dry", "to leave the floors clean".