Dukani saa nzima na nusu, Bethzatha robo saa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, hili jambo ninalo tangu nirudi na kila nikimsimulia mtu anaishia kucheka tu.

Sisi ni kikundi cha waumini, Wakatoliki wengi, Walutheri wachache na Wamoraviani wawili, tumechangishana karibu miaka mitatu kwenda Nchi Takatifu. Ninayotaka kuisema ni ile siku ya Yerusalemu. Asubuhi ilienda vizuri jamani, tumesimama Mlima wa Mizeituni mji wote uko mbele yetu, tukateremka kwa miguu mpaka Getsemane, kuna mizeituni pale mashina yake manene yamejaa mashimo utadhani mibuyu midogo, wamama wakalia kidogo, safi kabisa. Sasa Lango la Simba, la kuingilia mji wa kale, liko ng'ambo tu ya bonde la Kidroni, unaliona kwa macho, badala ya kuvuka tukapandishwa basi tukapelekwa duka la vinyago. Saa nzima na nusu! Chai ya bure, viti vya wazee, bei kwa dola, na mwongozaji wetu yuko kaunta anapiga stori na mwenye duka. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kumbe Kanisa la Mtakatifu Anna, hapo ndani tu ya lango lile, linafungwa saa sita mchana, sisi tumefika imebaki robo saa. Na hapo ndo pana birika la Bethzatha, lile la Yohana sura ya 5, la yule mgonjwa wa miaka 38. Unaegemea chuma unachungulia chini, ni shimo refu kweli, mawe juu ya mawe. Mabirika yalikuwa mawili na ukuta katikati, ukihesabu matao manne ya kuzunguka na moja la kwenye ukuta unapata yale matano ya Yohana. Haya nimeyasoma nyumbani, mwongozaji alisema "pool, pool, quickly" basi.

Ndani ya kanisa mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo. Mhariri, lile kanisa limejengwa na Wanamsalaba, wale askari Wakristo wa Ulaya waliokuja kuipigania Nchi Takatifu, karne ya 12, ni mawe matupu, sauti ikipanda inaganda huko juu haitaki kushuka, tuko 23 lakini unasikia kama 200. Ubeti wa pili bawabu akatuonyesha saa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Natoka nje naona kibao, wanaotunza pale tangu 1878 ni Wamisionari wa Afrika, yani Mapadri Weupe, hao hao waliokuja kwetu Tabora na Karema na kule Uganda! Mwaka huo huo ndo kundi lao la kwanza lilifunga safari kuja maziwa makuu. Bibi yangu kabatizwa na hao. Yani nimesimama kwa watu walioleta dini kijijini kwetu na hakuna aliyetuambia, nimejua nikiwa na mguu mmoja barabarani.

Baada ya hapo Njia ya Msalaba tukaipita mbio mbio katikati ya maduka, na kwenye Kaburi la Yesu foleni, hayo hayana lawama, foleni ni ya wote.

Ninachoomba kwa wanaotuandalia hizi safari: ratiba tuione kabla ya kulipa, ikiwa na masaa, na duka liandikwe humo kama duka. Likae jioni, makanisa yakishafungwa. Na kama mwongozaji hajui Kiswahili, tupeni karatasi mbili tatu tusome kwenye ndege, masaa yote yale tunaangalia nini?

Bibi nimemletea msalaba wa mzeituni wa dukani. Akaugeuza geuza, akauliza kama mapadri wake niliwakuta. Nikamwambia niliwakuta wanafunga mlango.

Msomaji wenu,
Mpanda