Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: mchicha, dagaa na muhogo navyo ni vyakula muhimu

Mheshimiwa Waziri wa Biashara na Maendeleo ya Viwanda, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,

Assalaamu alaykum.

Kila Ramadhani inapokaribia tunatangaziwa kuwa vyakula muhimu, yaani mchele, sukari na unga wa ngano, vipo vya kutosha, wananchi tusiwe na wasiwasi. Nashukuru kwa hilo. Lakini sisi wa mitaa ya mjini Unguja, Jang'ombe, Kwahani na Chumbuni, hatuugui kwa kuvikosa hivyo vitatu. Tunaugua kwa sababu ndivyo tunavyovimudu. Asubuhi chai ya sukari na mkate wa boflo, mchana wali na mchuzi mwepesi, usiku chipsi za njiani. Baadaye ni kisukari na presha, na foleni ya kliniki hospitali ya Mnazi Mmoja. Watu wanakatwa miguu, wanapoteza macho, na aliyekuwa akiilisha nyumba anageuka wa kulishwa.

Wapo wanaosema tumejitakia, mbona muhogo upo? Siwakubali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waligawa chakula hapa kwa kabila: Waasia na Waarabu wakahesabiwa kuwa walaji wa mchele, Mwafrika akaelekezwa kwenye unga wa mahindi na muhogo. Wapo waliobadili kabila lao kwenye makaratasi ili wapate wali. Mgao ule ulikufa zamani na Mapinduzi ya 1964 yakaja, lakini sahani ya wali imebaki kuwa heshima, na muhogo tunaukumbuka kwenye futari tu. Dharau hiyo tulifundishwa, Mheshimiwa, na kilichofundishwa kwa mgao wa serikali hakiondoki kwa mabango ya afya peke yake.

Leo mgao unafanywa na mfuko. Pweza, ngisi na changu wa Nungwi na Kizimkazi wana mnunuzi wa hoteli kabla hawajafika sokoni Darajani. Dagaa, kitoweo cha mnyonge, wanachemshwa, wanaanikwa na kusafirishwa hadi Kongo. Simlaumu mvuvi wala mchuuzi, kila mmoja anatafuta riziki yake. Ninachosema ni kwamba serikali inayofuatilia bei ya polo la mchele bandarini inaweza kufuatilia pia bei ya fungu la mchicha sokoni Mwanakwerekwe.

Basi naomba mboga, dagaa, maharage na muhogo viingizwe katika vyakula muhimu, si kwa jina tu. Bei zake zitangazwe. Mkulima anayeleta tungule (nyanya) na mabilingani kutoka Bambi au Donge apunguziwe ushuru wa soko, tena apate chumba cha baridi, maana mboga haimsubiri mnunuzi na hasara ya zilizooza inaingia kwenye bei tunayolipa sisi.

La skuli halingoji bajeti. Mtoto akitoka wakati wa mapumziko anakutana na soda, juisi za unga na vitu vya kukaanga, na hiyo ndiyo hela yake yote ya siku. Kaa na mwenzako wa Elimu na Mabaraza ya Manispaa, mama anayeuza muhogo wa kuchemsha, mahindi, machungwa na maembe apewe nafasi karibu na lango bila kutozwa kitu. Hili linawezekana muhula ujao.

Jibu lako naliomba hadharani, kama nilivyoandika mimi.

Mkaazi wa Jang'ombe, Unguja